Mji Usiozika

Msiniulize mji huo ulikuwa wapi. Ungekuwa na jina ningelitaja, na ungekuwa na njia ya kwenda ningewaelekeza mkajionee wenyewe, mkaniacha nipumzike. Ninachojua ni kwamba jioni yake ilikuwa ndefu. Mchana ulikuja kama mgeni mwenye haraka, ukanywa maji, ukaaga. Usiku haukuwahi kuingia kabisa. Katikati palikuwa na jioni, jioni tu, mwanga wa rangi ya chai ya maziwa uliolala juu ya mapaa, na nyota zikitoka humo humo bila kungoja giza. Watu walizaliwa katika jioni hiyo, wakaoana humo, wakagombana humo, na hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Ukimuuliza mtu umri wake alikutazama kama umemwomba akuoneshe figo lake.

Kila mchana ulipoaga, Bwana Makungu alipanda juu ya paa la baraza, akajifuta jasho, akaanza kuita majina. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake; aliitwa Mtaja. Alinyoosha kidole kwenye nyota moja, akataja jina la mwenye nyota, na nyumba ya mwenye jina ikaitikia, "Yupo." Kidole kikahamia nyota nyingine. Jina lingine, yupo lingine. Hakuwa na haraka wala hakuwahi kukosea, na mji mzima ulisimama milangoni kumsikiliza, vijiko mikononi, watoto wamebebwa.

"Kibibi binti Mkiwa."

Katika nyumba ya mwisho, karibu na mashimo ya udongo, Mkiwa alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Nyuma yake, chumbani, juu ya kitanda cha kamba, Kibibi alilala chali, ameoshwa, amefunikwa khanga mbili, taya limefungwa kwa kitambaa. Homa ilimjia ghafla ikamaliza kazi yake. Mkiwa alimwosha peke yake, akambana vidole vya miguu kama alivyofanya alipokuwa mchanga, akangoja mtoto acheke. Hakucheka.

"Kibibi binti Mkiwa," Makungu akarudia, na safari hii sauti ilikuwa na ukali kidogo.

"Yupo," Mkiwa akasema.

Kidole kikahama.

*

Nimesema yupo. Nani yupo? Ulimi wangu, meno yangu, pumzi yangu mwenyewe, na neno si langu. Jana nilisema. Juzi nilisema, kama kuna juzi. Kibibi, mama amekuwa mwongo. Ungekuwepo ungeniuliza mbona unasema nipo, na mimi nipo? Ungecheka. Ungekuwepo nisingesema kwa kunong'ona. Nilipokuwa na wewe kweli nilipiga kelele, yupo, yupo, anakula, yupo, anavunja vyombo. Sasa nanong'ona, na wao wanaridhika.

*

Sasa niwaeleze desturi yao, maana bila hiyo mtamwona mama huyu ana kichaa, na kichaa hakuwa nacho. Mtoto akizaliwa katika mji ule, mkunga alimtoa nje kamfunika uso, akazunguka naye mpaka mwenyewe ashikwe na kizunguzungu, kisha akamfunua. Nyota ya kwanza ambayo macho ya mtoto yalituama juu yake, hiyo ndiyo nyota yake. Ikiwaka, yupo. Ikizimika, huyo si wa kuitwa tena, atazikwa na kuliliwa kwa heshima zote. Na kwa kuwa hakuna nyota iliyowahi kuzimika katika kumbukumbu ya mtu yeyote, hakuna aliyewahi kuzikwa. Kulikuwa na uwanja wa makaburi, umefyekwa vizuri, hauna hata tuta moja, na jembe limeegemezwa kwenye mti, mpini wake haujawahi kushikwa. Watu waliupita uwanja huo wakajivunia. Wakasema, tazama, miji mingine imejaa makaburi, sisi hatuna.

Wale wasiopumua tena walikalishwa. Babu alipewa kiti pembeni, akawekewa sahani, akasalimiwa asubuhi kama ipo. Bibi aliegemezwa dirishani. Waliwaita Wakaao. Maiti za mji ule hazikuoza. Nadhani hazikupewa ruhusa. Na mambo ya mji yalipoamuliwa, Makungu aliwaambia wenye kukubali wanyooshe mikono, kisha akawageukia Wakaao, na kwa kuwa wao hawapingi, wakahesabiwa wamekubali. Nao walikuwa wengi kuliko wenye mikono. Fikirini hilo mkipata nafasi.

Neno moja lilikatazwa. Ukimwambia mtu pole ya msiba, na nyota ya mtu wake inawaka, wewe ndiye uliyemuua mtu wake. Ndivyo sheria ilivyosema, na watu wakaogopa. Mtu aliyefiwa alipikiwa, alifuliwa, alikandiwa unga, lakini hakuna aliyemwambia pole.

Na Mkiwa alilitaka neno hilo. Alitaka kumzika mwanawe, na baada ya kumzika akae mkekani, na mtu mmoja, mmoja tu, aje amshike mkono amwambie pole. Hakutaka zaidi ya hapo.

Yeye mwenyewe hakuwa na nyota. Alizaliwa siku ya wingu, wingu la pekee lililowahi kuonekana kule. Mkunga alizunguka naye mpaka mikono ikamuuma, akamfunua, na mtoto akatazama juu asione kitu. Ndiyo maana akaitwa Mkiwa. Makungu hakuwahi kumtaja. Barazani hakuhesabiwa miongoni mwa wenye mikono wala miongoni mwa Wakaao, na watoto wa jirani walimtania kwamba yeye hafi wala haishi. Alizoea. Alipika mahamri, akauza, akamlea Kibibi, aliyezaliwa mbingu ikiwa safi na kupata nyota nyekundu ya kupendeza upande wa kundi la Kilimia. Siku ile Mkiwa alilia kwa furaha kwamba mwanawe atakuwa mtu wa kuitwa.

Kuna jiwe pia. Naomba mlikumbuke. Lilichomoza mbele ya kizingiti cha nyumba yao, limeshikana na msingi, halitoki, na Mkiwa alikuwa akijikwaa hapo kila anaporudi na ndoo au kuni. Kila alipojikwaa, Kibibi alisema kutoka ndani, bila kuinua kichwa kwenye mchezo wake, "Pole mama. Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi pole tena."

Ikawa hivyo mpaka Mkiwa akazoea kusimama pale nje, mguu mmoja juu, angoje aambiwe ndipo aingie. Tangu Kibibi anyamaze, Mkiwa alikuwa akiliruka jiwe lile kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayevuka mtaro.

*

"Hodi."

"Karibu."

Alikuwa Bi Mwanaheri, jirani yake, mwanamke mnene mwenye mikono mizuri ya kukanda. Aliingia, akaweka bakuli la wali, akatazama mlango wa chumba kisha akatazama pembeni haraka.

"Kibibi hajambo?" akauliza, maana ndivyo ilivyopasa kuuliza.

"Mwanaheri, niambie."

"Nikuambie nini, shoga?"

"Unajua."

Macho ya Bi Mwanaheri yalijaa maji. "Siwezi, mwenzangu. Nyota yake ile pale, naiona kwa macho yangu haya. Nikisema nitakuwa nimemuua, na mimi nilimbeba mgongoni, nilimpa uji. Niombe kingine chochote."

Mkiwa hakuomba kingine. Bi Mwanaheri akavuta sinia la unga, akaanza kukanda mahamri ambayo si yake, akakanda kwa nguvu, machozi yakimdondokea mikononi. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Katika mji ule hata kilio chenyewe kilifichwa, kikaenda kwenye unga, na watu wakala mahamri yenye chumvi wasiulize.

*

Mgeni alifika kwa Mkiwa mchana ukiwa umeshaaga. Alikuwa mtu mrefu, kanzu fupi, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi, akaomba chai na mahamri mawili. Alisema anaitwa Sengo na kwamba alikuwa mwalimu. Mkiwa akamuuliza mwalimu wa nini.

"Wa nyota," akasema. "Si kwa wataalamu. Niliwafundisha makarani, mafundi cherehani, wauguzi waliostaafu, watu waliokimbia hesabu maisha yao yote. Walikuja ukumbini baada ya kazi. Walitaka niwaambie kama kuna mtu huko juu. Mimi nikawaambia umbali. Kila somo walipungua."

"Na sasa unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Siku moja nilifunga mlango wa ukumbi nikaanza kurudi nyumbani. Bado sijafika."

"Umepotea?"

"Sijapotea, mama. Naiona nyumba. Haijahama. Ni njia inayozidi." Akatazama meza, akaona unga wa Bi Mwanaheri ukiumuka kwenye bakuli, punje za hiliki zikionekana juu yake. Akanyoosha kidole. "Ulipoukanda, punje hii na hii zilikuwa karibu, sivyo? Sasa zimeachana. Ni ipi iliyotembea?"

Mkiwa aliinama akatazama. "Hakuna. Ni unga unaoumuka."

"Basi mbingu yote iko hivyo. Kuna makundi ya nyota, galaksi, kila moja ina nyota nyingi kuliko punje za mchanga unaoweza kuchota kwa siku nzima. Hii yetu mabibi zetu waliiita Njia Nyeupe. Na yale makundi ya mbali yanaachana na sisi bila kututoroka. Ni kilicho katikati kinachoumuka. Nilipowaambia hayo wanafunzi wangu, karani mmoja alivaa viatu vyake akaondoka, sikumwona tena."

Kuna watu wanaofariji na kuna watu wanaoeleza, na Mungu hakuwachanganya mara nyingi. Sengo alikuwa wa pili. Lakini Mkiwa alimtilia chai nyingine, maana alikuwa mtu wa kwanza kuitazama mbingu bila kumtafutia mtu jina. Akamwonesha ile nyekundu upande wa Kilimia. Akauliza kama inawezekana nyota kufa.

"Hufa. Nyota hujila yenyewe. Inafinya hewa nyepesi tumboni mwake, inaigeuza nzito, na humo ndimo unamotoka moto. Ndogo hujibana, zinaishi mno. Kubwa zina ulafi, zinaishiwa upesi. Nyekundu yenye mng'ao kama ile, mara nyingi ni mzee."

"Mbona hatujawahi kuona hata moja ikizimika?"

Sengo aliweka kikombe chini. Nadhani alijua. Walimu hujua pale swali linapowapeleka mahali pabaya, na hujibu hata hivyo.

"Kwa sababu mwanga nao husafiri. Hakuna kitu kiendacho mbio kama mwanga, lakini njia ni ndefu. Hata mwanga huu wa jua lililoaga, si wa sasa hivi unaoutazama. Ni wa pale ulipoinjika chai hii. Hizo nyota nyingine, mwanga wake ulitoka kabla yako. Wa nyingine ulitoka kabla ya mji huu kuwa na ukuta. Unachokiona ni salamu ya zamani. Aliyeituma huenda yupo, huenda alishakufa, na habari ya kufa kwake ingali njiani."

Chai ilichemka ikamwagika jikoni, Mkiwa hakuiondoa.

"Kwa hiyo nyota ya mwanangu imekufa," akasema.

"Sikusema imekufa. Nimesema hatujui."

"Mwanangu yumo humo ndani, Mwalimu. Amekufa. Wananiitikisha yupo."

Sengo akafanya kile walichozoea kukifanya watu wa aina yake. Akamwambia kwamba nyota kubwa ikipasuka vumbi lake husambaa, na humo hutokea nyota nyingine na ardhi na maji, na kwamba chuma kilichomo ndani ya damu ya Kibibi kilipikwa ndani ya nyota fulani iliyokufa zamani. Aliyasema kwa upole. Ni maneno mazuri, na ni kweli.

"Sitaki vumbi," Mkiwa akasema. "Nataka kumzika, na mtu aniambie pole."

*

Hatujui. Hatujui. Neno jepesi hivi na sikuwahi kupewa. Nilipewa yupo, basi. Kibibi, mama amepata neno. Si yupo wala si hayupo, limekaa katikati kama mlango, na mimi nitakupitisha humo. Nitakutoa chumbani. Utalala kwenye udongo baridi, homa yako ipoe. Watakuja. Mwanaheri atakuwa wa kwanza, atanikumbatia mpaka mbavu ziume. Nitalia kwa sauti, mwanangu, nitalia mpaka wanibembeleze waniambie yatosha.

*

"Kibibi binti Mkiwa."

Mji ulisimama milangoni. Mkiwa alitoka nje kabisa, akaliruka jiwe, akaenda mpaka katikati ya uwanja wa baraza ambako hajawahi kusimama, chini ya kidole cha Makungu.

"Kibibi binti Mkiwa."

"Hatujui," Mkiwa akasema.

Vijiko vilisimama mikononi. Makungu aliinama kutoka juu ya paa kumtazama vizuri. Hakuwa mtu mkatili, nisimsingizie. Alikuwa mtu aliyefanya kazi moja kwa usahihi maisha yake yote, na watu wa namna hiyo ndio hatari. "Rudia," akasema.

"Nimesema hatujui, Bwana Makungu. Mwanga ule ni wa zamani. Ulitoka kule kabla yangu, pengine kabla ya hilo paa ulilosimama. Nyota yenyewe pengine ilishazimika, habari haijatufikia. Lakini mwanangu namjua kwa mkono wangu huu. Nimemwosha. Amekufa. Nataka kumzika."

"Wewe usiye na nyota ndiye unayetufundisha nyota?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikuambiwa aujuaye ni nyota."

Watu walinong'ona. Wanawake wawili watatu walitikisa vichwa taratibu, maana kila nyumba ilikuwa na kiti pembeni na sahani isiyoguswa. Makungu akaona. Akaona mji unamponyoka, akaamua kumfunga mama huyu kwa hoja, amalize mambo kwa kicheko, kila mtu arudi jikoni kwake.

"Haya," akasema, akitabasamu. "Tukubali. Mwanga ni wa zamani, hauthibitishi kwamba Kibibi yupo. Basi na nyota ya Bwana Fumo haithibitishi kwamba Fumo yupo. Na yangu haithibitishi kwamba nipo. Kwa hesabu yako, Mkiwa, mji huu mzima pengine tulikufa zamani. Ndivyo unavyotaka kutuambia?"

Akangoja wacheke.

Hawakucheka. Fumo, fundi wa viatu, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na sindano mkononi. Aliinua macho kwenye nyota yake, ile ya samawati juu ya mnara, akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza bei, "Na yangu ni ya lini?"

Sengo alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, mfuko begani, na watu wakamgeukia, akasema kile alichokuwa nacho. Akasema za samawati ndizo zenye ulafi kuliko zote. Kisha akajaribu kuongeza jambo, lakini Fumo alikuwa ameshaweka sindano chini.

"Mnapumua," Mkiwa akawaambia. "Wekeni mikono vifuani. Fumo, unapumua, nakuona. Nani amesema habari zenu? Nimesema habari za mwanangu."

"Kupumua hakujawahi kuwa ushahidi hapa," akajibu mtu mmoja kutoka nyuma, sauti ya uchovu. "Mwanao hapumui, na sisi sote tulisema yupo."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi, kama kuna miaka. Sijapata la kulipinga. Mtu akizoea kuulizia uhai wake mahali fulani, siku mahali pale panaponyamaza hana pengine pa kuuliza; hata moyo wake ukimgonga ubavuni, atadhani ni mlango wa jirani. Wale walikabidhi kila kitu juu. Huku chini hawakubakiza hata mazoea ya kujigusa.

Fumo alikuwa wa kwanza kukaa. Alikuwa amekaa tayari, lakini ilionekana wazi ukaaji ule ulikuwa mwingine: mikono magotini, macho mbele. Mkewe akaketi karibu naye akaweka sawa ushungi wake. Kisha nyumba ya pili, kisha ya tatu. Hapakuwa na kilio. Watu waliingia ndani wakavuta viti, wakakaa pembeni mwa babu zao na bibi zao, wakijipanga vizuri ili wasisumbue. Mama mmoja alizima jiko lake kwanza. Mwingine alimaliza kumfunga mwanawe vifungo vya shati, akampakata, akatulia. Wanasema kifo cha wengi harusi. Aliyesema hivyo hakuachwa peke yake kufagia uwanja.

Mkiwa alikimbia huku na huku akiwashika mabega. "Amkeni, jamani. Sikuomba haya. Niliomba moja tu." Mabega yalikuwa na joto, na hayakugeuka.

Ndipo akamwona Bi Mwanaheri akija. Alikuja moja kwa moja, mikono imefunguliwa, uso umelowa, midomo imeshaanza kulikunja lile neno. Mkiwa alisimama. Alijifuta mikono kwenye khanga, kama mtu anayejiandaa kupokea kitu kizito. Walikuwa karibu kiasi cha Mkiwa kusikia harufu ya hiliki mikononi mwa mwenziwe.

Bi Mwanaheri akasita.

"Shoga," akasema. "Kama na mimi sipo, neno langu litakuwa la nani?"

"Wewe sema tu. Mimi nitalipokea."

"Utapokea nini, na mimi sijui kama ni mimi?" Alimtazama kwa mapenzi makubwa, hilo nalishuhudia. "Ningekuwepo ningekuambia," akasema. Akakunja khanga yake, akaketi pale pale mchangani, mikono yake mizuri magotini.

Alibaki Makungu juu ya paa. Alikuwa na kazi, akaifanya. Akanyoosha kidole akataja jina, hapakuwa na kuitikia. Akataja lingine. Mwisho akanyoosha kidole kwenye nyota yake mwenyewe, akajitaja, Makungu bin Haji, akangoja sana, shingo imeelekea mji. Mkiwa angeweza kumwitikia. Alifungua kinywa ili aseme yupo, kwa huruma tu, akaona neno lile limemwishia. Makungu akashusha kidole. Akaketi ukingoni mwa paa, miguu ikining'inia.

*

Sasa oneni jinsi mambo yalivyo. Aliyebaki amesimama ni yule asiye na nyota. Yeye hakuwahi kuthibitishwa, basi hakuwa na cha kutenguliwa. Mwingine angesema ameokoka.

Alimgeukia Sengo, ambaye alikuwa ameshaanza kuondoka kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

"Mwalimu, nisaidie kumbeba. Mtu habebi maiti peke yake."

"Naja," akasema Sengo, na kweli akaanza kuja. Nilimwona akitembea. Alitembea kwa hatua ndefu, kanzu ikipeperuka, na kila alipopiga hatua uwanja uliumuka kati yao, mchanga ukazaliwa juu ya mchanga, akawa mbali zaidi ya alipokuwa. Mkiwa naye akaenda kumlaki, ikawa vile vile. Hakuna aliyekuwa akikimbia. Walitazamana mpaka Sengo akawa mdogo kama punje. Kabla hajapotea alisimama, akaweka mkono kifuani, na midomo yake ikatikisika. Alisema kitu. Sauti haikufika. Mkiwa alingoja palepale, sikio limeelekezwa njiani, kwa sababu sasa alishajua kwamba kitu kinaweza kuwa kimeshatoka na bado hakijafika. Kama alisema neno lile, basi lingali linakuja.

Akaingia ndani. Akamfunga Kibibi mgongoni kwa zile khanga mbili, kama alivyombeba utotoni, miguu ya mtoto sasa ikigonga nyonga zake kwa urefu. Akaliruka jiwe. Akapita baina ya majirani waliokaa milangoni, akiwaambia "hodi, napita", maana hakuweza kupita kimya. Kwenye uwanja wa makaburi akachukua lile jembe. Udongo ulikuwa mgumu, haukuwahi kuguswa, akalima kwa muda ambao sina namna ya kuwapimia. Mchana ulikuja, ukaaga, ukaja tena. Alimlaza kwa ubavu. Alimfunika kwanza miguu, na uso mwisho. Akajaribu kulia kwa sauti kama alivyojiahidi, na kilio kikatoka, kikaenda mpaka kwenye nyumba ya mwisho kikarudi jinsi kilivyokwenda. Hakuna aliyemwambia yatosha. Ikabidi anyamaze mwenyewe.

Alipoinua kichwa, nyota zilikuwa zimetimia. Ile nyekundu ilikuwa mahali pake upande wa Kilimia, inawaka vizuri, na hapakuwa na mtu wa kuinyooshea kidole.

Akarudi nyumbani. Alikuwa amechoka, macho yamevimba, mikono imepasuka kwa mpini, na katika uchovu ule alisahau. Mguu wake ukagonga lile jiwe. Kucha iliinuka, damu ikatoka.

Mkiwa akasimama nje ya mlango, mguu mmoja juu, akangoja.